Karatasi ya Mahudhurio

Josephina alijifunza kuandika jina lake akiwa na miaka arobaini na tisa, katika darasa la kisomo lililofanyika kanisani kila Alhamisi. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena akichovya kidole kwenye wino. Kalamu ikipita karibu yake, aliidaka. Aliandika taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo: Josephina Nsabimana. Kisha aliitazama kazi yake kidogo kabla ya kumpa mwingine kalamu.

Kwa hiyo Pasikali alijua vizuri amtume nani.

Pasikali alikuwa mwenyekiti wa kijiji chao, ng'ambo ya Rungwe Mpya. Alichaguliwa Desemba 2014, na Josephina ndiye aliyempigania. Alipita nyumba kwa nyumba, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, akawaapia majirani kwamba mtoto huyu amekulia mikononi mwake na hawezi kumdhulumu mtu. Vinginevyo nani angempa kura fundi baiskeli ambaye hata baiskeli za watu alikuwa akizirudisha zikiwa zimepungua nati? Walimwamini Josephina, wakamchagua Pasikali.

Mwezi Machi uliofuata uliitishwa mkutano mkuu wa kijiji kuzungumzia kisima. Palizi ilikuwa imepamba moto, watu wakaenda mashambani, wakafika thelathini na wawili tu. Akidi haikutimia. Basi likafanyika lile ambalo kijiji kile kimelifanya miaka nenda rudi bila kuona haya: karatasi ya mahudhurio itembezwe majumbani, kila mtu asaini kana kwamba alikuwepo, ili kazi zisikwame. Nani ana muda wa kukaa kwenye benchi kutwa nzima kusikiliza mambo ambayo jirani atamsimulia jioni?

"Mama Asnath," Pasikali alimwambia Josephina, "wewe ndiye watu wanakufungulia mlango. Nisaidie."

"Ni ya kisima?"

"Ya kisima, mama. Ya nini tena?"

Karatasi zilikuwa nne, zimechorwa mistari. Juu yake paliandikwa neno mahudhurio na tarehe, basi. Josephina aliandika jina lake kabla ya wengine wote, akazunguka siku mbili. Jirani yake mzee Bazilio, mwenye mguu mbovu, aliuliza anasaini nini.

"Unasaini maji, mzee. Au unapenda kunywa matope?"

Bazilio akacheka, akaweka dole gumba. Josephina alirudisha majina mia moja arobaini na matatu, na Pasikali akayapokea kwa mikono miwili.

Julai, aliposhuka bondeni kumwagilia maharage ya kiangazi, alikuta jiwe la saruji lenye namba limesimikwa katikati ya matuta yake. Huko juu mlimani mihogo yake yote ilikuwa imeozea ardhini kwa ugonjwa. Bonde ndilo lililobaki kumlisha yeye na wajukuu watatu, na shamba jingine hakuwa nalo. Alilishika lile jiwe, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Halikutikisika.

Alikwenda moja kwa moja kwa Pasikali. Mwenyekiti akamwekea kiti, akamuuliza hali ya wajukuu.

"Ni mwekezaji wa miti, mama. Mkutano mkuu uliridhia. Si mlisaini wenyewe?"

Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Josephina kuliko tusi.

Kesho yake akapanda gari la Kasulu mjini kutafuta ofisi ya ardhi. Afisa aliyemkuta aliitwa Hamis, kijana mstaarabu kutoka Tanga. Alimwamkia shikamoo, akamfungulia faili. Mbele palikuwa na muhtasari wa mkutano wa Machi uliopigwa chapa: wananchi kwa kauli moja wameridhia bonde ligawiwe. Neno kisima halikuwemo. Nyuma yake zilibanwa karatasi nne za mahudhurio.

"Huyu wa kwanza ni nani, mama?"

Angeweza kukana. Lakini ile J iliyoinama aliijua, alihangaika nayo Alhamisi tatu.

"Ni mimi."

"Basi mimi nifanyeje?"

"Tulisaini kisima, mwanangu."

"Kisima kimeandikwa wapi?"

Josephina alipekua karatasi zote nne, mbele na nyuma, ingawa alijua hakiko.

Hamis akashusha pumzi. "Mkutano mkuu ndio ulioamua, kwa hiyo mkutano mkuu ndio unaoweza kufuta. Mwambieni mwenyekiti auitishe."

"Mwenyekiti ndiye aliyetuuza!"

"Akikataa, leteni majina ya wananchi wanaoudai. Wengi, kama hawa. Na iwe upesi, maana hati ikitoka hapa sina la kukusaidia."

Josephina alinunua daftari, akachora mistari mwenyewe. Safari hii hakuacha kitu hewani, aliandika juu kabisa: tunadai mkutano, turudishiwe bonde letu. Akasaini, akaenda kwa Bazilio.

"Mwakeye, mzee," alimwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Mwakeye." Hakumkaribisha kukaa. "Bonde langu nalo lina jiwe."

"Ndiyo maana nimekuja. Weka dole hapa."

"Pameandikwa nini?"

Akamsomea, neno kwa neno.

"Na ile uliniambia ni maji, Mama Asnath."

"Na mimi nilidanganywa, mzee! Unadhani nilijua?"

"Oya, sidhani, najua hukujua. Lakini Pasikali nilimpokea kwa mdomo wako. Ile karatasi nikaipokea kwa mdomo wako. Leo tena?" Mzee akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya koti. "Nitapoteza nini kingine?"

Nyumba ya pili walimwambia wanasubiri uchaguzi wa Oktoba, mgombea ameahidi kulishughulikia. Ya tatu mwanamke alimfungia mlango. Kuna waliomsikiliza mpaka mwisho, wakamhurumia, wakasema wataona. Alizunguka siku tatu kwenye njia zilezile, miguu ikavimba, na daftari likarudi na jina moja. Alikuwa na hasira, lakini hakujua ammwagie nani, maana kila aliyemkataa alikuwa na haki.

Wiki iliyofuata Pasikali alikuja mwenyewe na barua. Wenye mazao bondeni waliruhusiwa kuvuna hadi mwisho wa Agosti, mradi wasaini kwamba wameelewa na hawana madai. Asiyesaini asishuke.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka maganda. Wajukuu walikuwa wamekaa kizingitini wakimtazama. Josephina aliitazama ile barua kwa muda mrefu, juu mpaka chini, na safari hii kila kitu kilikuwa kimeandikwa waziwazi.

Pasikali akamnyooshea kalamu.

"Una wino?" Josephina aliuliza.

"Wino wa nini, mama? Wewe si unajua kuandika?"

Josephina alinyoosha dole gumba, akasubiri.