Kadi Isiyo na Kiswahili

Mama mmoja, fundi cherehani, kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akila kwenye kona ya meza yake mwenyewe, maana kwingine kote kulijaa kadi. Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Kamusi, na alikuwa akiandika kamusi kweli, ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kila kadi ilikuwa na sentensi ya Kiingereza juu na tafsiri yake chini. Mkewe akiuliza zinasema nini, jibu lilikuwa lile lile: "Mama watoto, hayo hutayaelewa." Naye alikubali yaishe. Kichwa chake alikijua ni kizito tangu ujana, basi vitabu na kadi akamwachia mwenye navyo bila kuzitupia jicho, yeye akashika sindano.

Wiki moja Kamusi alipasuliwa macho, akawa amelala chumbani na bandeji usoni. Mchapishaji naye alitaka kazi kesho yake. Akaja binti mpiga chapa na kompyuta yake. Zilikuwa zimebaki kadi za kitenzi kimoja, "take", themanini na nne, na mama akapewa kazi ya kumpokeza moja moja.

Ya kwanza aliisoma Kiswahili chake kwa kuiba. Ya pili aliisoma waziwazi. Ya tatu akavuta kiti.

"Mke wangu hunywa dawa shingo upande." "Mke wangu alipanda basi bila kuniaga." "Shemeji alinipiga picha nimesinzia." "Mwanangu wa pili amerithi ubishi wa mama yake."

"Makubwa! Ubishi wangu mimi?" Kisha udadisi ukaishinda hasira. "Hebu niambie mwanangu, kunywa, kupanda, kupiga, kurithi, yote hayo neno moja?"

"Moja tu, mama."

"Waingereza wavivu hao!"

"Na sisi je? Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga deki, na hakuna anayeumia."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa kazi ikawa mchezo. Binti anasoma Kiingereza, anaeleza kidogo, na mama, Kiswahili cha kadi amekifunika kwa kiganja, anakisia neno ambalo Kamusi atakuwa amelichagua. Alipatia kumi mfululizo. Mara mbili alitoa neno zuri kuliko la mumewe, na binti akalichapa hilo hilo bila kuuliza mtu.

"Mama, wewe ulisomea wapi?"

"Sikusoma. Nilifanya mtihani wa chuo cha uuguzi, nina mwaka mmoja wa ndoa. Tuliambiwa tungoje barua. Nilingoja mwaka mzima, nikajua nimefeli. Aliyefeli nani atahangaika kumwandikia?" Alilisema kwa wepesi, ila kidole kilikuwa kikisugua ukingo wa meza. Miaka arobaini ilikuwa imepita na lilikuwa bado linamuuma.

Kadi ya sabini na moja haikuwa na Kiswahili. Binti aliisoma kimya, akaiweka chini.

"Hii mzee hakuimalizia."

"Inasemaje?"

"Mama, tuendelee tu na..."

"Nimekuuliza inasemaje."

Binti akaiokota tena. "Inasema aliichukua barua ya mkewe kwa tarishi, na mkewe anaingoja mpaka leo."

Mama alizitazama zile sabini zilizopita. Dawa, basi, picha, hakuna hata moja iliyobuniwa. Nyumba yake nzima ilikuwa humo.

"Yaani alikuwa tayari kumwambia kila mtoto wa shule nchi hii," alisema, "isipokuwa mimi."

"Niimalizie mimi, mama?"

"Mwenyewe yupo."

Aliingia chumbani, akaiweka ile kadi kwenye kiganja cha mumewe. "Baba watoto, hii haina Kiswahili."

"Sioni, mke wangu. Ni ipi?"

"Ya barua."

Kamusi aliipapasa ile kadi kwa kidole gumba. Mwishowe akaanza, kwa sauti ya darasani, "Aliichukua barua ya mkewe..."

"Nani?"

Sauti ya darasani ikamtoka. "Mimi. Ilikuja kwa anwani ya shule, tarishi akanipa mimi. Niliogopa. Nilijua ukienda hutarudi kwa mwalimu wa darasa la tatu. Nikasema nitakupa kesho. Kila kesho ikawa ngumu kuliko jana yake."

Mama hakuuliza kwa nini, wala hakupiga kelele. Kulikuwa na swali moja tu alilolihitaji, na alilihofia kuliko alivyowahi kuhofia kitu.

"Ilisemaje?"

"Walikuita. Ulikuwa wa tatu."

"Wa tatu kati ya wangapi?"

"Mia mbili na kumi."

Alimwacha pale na kadi mkononi. Alirudi ukumbini, akasimama mbele ya binti aliyekuwa hajui aangalie wapi.

"Nilikuwa wa tatu," alimwambia, na ndipo machozi yakamtoka.