Pasi Haikusimama

Mfuniko wa birika ulitetemeka jikoni, ti-ti-ti, na nje bado giza. Bibi Pasi aliuacha ulalamike kidogo kabla ya kuepua birika. Kisha akabonyeza simu, akauanzisha tena wimbo mpya wa wale wasichana watano wa Korea, akavuta shati la mteja mezani.

"Ndio huohuo tena?" dada yake aliuliza kutoka kitandani. "Si uliurudia jana mpaka kuta zikauimba?"

"Nauonea huruma. Labda jana nilikuwa na njaa."

"Na leo?"

"Leo nimeshiba, na bado haunifikii."

Alipiga pasi kola, mabega, mikono. Wimbo ukaisha na shati likaisha, pasi haikutua hata mara moja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akipima nyimbo. Mjukuu wake alipokwenda kusoma mbali alimwachia simu imejaa muziki wa Kikorea, na bibi, kwa kumkumbuka mtoto, akausikiliza pale kibandani kwake anapofua na kupiga pasi nguo za watu, pasi mkononi. Wimbo wa kawaida ulikwenda na pasi. Wimbo mzuri uliisimamisha. Mmoja uliwahi kuisimamisha hata kola ya mwalimu mmoja ikaungua, na yule mwalimu, Mungu ambariki, alisema tu, "Basi huo wimbo nami nitautafuta." Habari zikafika redio ya mtaani, wakampa kiti. Kila Jumamosi asubuhi Bibi Pasi alizungumzia nyimbo zilizotoka wiki hiyo, na watu walichelewa sokoni kwa ajili yake.

Jumamosi hii meneja wa redio alikuwa akimsubiri kwenye ngazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mwenye msiba?"

"Leo ni wale watano. Mashabiki wao ndio wanaotusikiliza, wewe unajua. Wakituhama, redio imekwisha. Sema wimbo ni mzuri, tuendelee na mengine."

"Na kama si mzuri?"

"Ni neno moja tu, Bibi."

"Hilo neno moja ndilo kazi yangu yote, mwanangu."

Meneja akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyemletea mto wa kuegemeza mgongo, bila kuombwa. "Ukisema vingine," alisema taratibu, "kiti nitampa mwingine. Sitakuwa na la kufanya."

Bibi Pasi akaingia studio, akauweka mto sawa, akasogea kwenye kipaza sauti.

Alianza na kundi moja la vijana wa ngoma nzito. "Wamepiga kelele vizuri, lakini wameisahau njia ya kurudi nyumbani. Katikati ya wimbo hata wenyewe hawajui wapo wapi." Akaja kwa binti wa gitaa, anayeimba peke yake. "Huyu msimkose. Anaimba kama mtu anayekunong'oneza huku akiogopa kuamsha watoto. Pasi yangu ilisimama, nikaiondoa kwenye blauzi ya watu kabla haijaungua."

Nyuma ya kioo meneja alikuwa amefumba macho.

"Sasa wale watano. Nimewasikiliza nikiwa na kazi na nikiwa sina. Pasi haikusimama. Kikorea sikijui, ila mtu anayeharakishwa namjua. Yule wa sauti ya mkwaruzo wamempa mstari mmoja, na hata huo wameufunika kwa makelele. Hawa watoto nawapenda. Kwa hiyo sitawadanganya, wala ninyi sitawa..."

Muziki ukaingia juu ya sauti yake.

"Umeniponza, Bibi," meneja alisema mlangoni. Hata hivyo alimbebea mkoba mpaka chini, hatua kwa hatua, akimwonyesha ngazi iliyovunjika kana kwamba ni mgeni.

"Mto nimeuacha kitini," Bibi akamwambia. "Huyo mwingine naye ana mgongo."

Alirudi kibandani, akavaa aproni, akaushika mlima wa mashuka. Mchana mwanamke mmoja wa makamo, amevaa sare ya unesi, akatupa gauni jingine la kazi juu ya meza.

"Wewe ndiye uliyewatukana wasichana wetu?"

"Nimeutukana wimbo. Karibu ukae."

"Sikai! Mimi ni mwenyekiti wa mashabiki." Akakaa. "Nimetoka zamu miguu haina hisia. Wimbo ule ndio ulionifikisha asubuhi. Halafu wewe unasema hauna kitu?"

"Kama umekushika mkono, sikubishii. Mimi umenipita."

"Basi rudi ukawaambie ni mzuri."

"Hawanitaki tena huko. Na wangenitaka, ningesema yaleyale."

Nesi akamkodolea macho. "Wamekufukuza? Kwa sababu yetu?"

"Kwa sababu ya mdomo wangu. Ninyi mna yenu."

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Cha kwako je? Umekuja na jua lote hili kunigombeza." Bibi Pasi akamsogezea glasi ya maji, kisha simu. "Hebu tusikilize ule wa mwisho kwenye albamu yao."

"Wa mwisho?" Nesi alipunguza sauti. "Huo hatujaufungua. Tuliambiana turudie ule wa kwanza tu, kila mtu, bila kuacha, ili upande kwenye chati za nyimbo."

Piano ikaanza, peke yake. Kisha ikaja ile sauti ya mkwaruzo, safari hii bila mtu wa kuifunika, ikipumua inapotaka. Nesi akavua viatu. Akaweka nyayo zake kwenye sakafu baridi, akainamisha kichwa mpaka wimbo ukaisha.

"Ameimba huyu," alisema hatimaye, akijifuta pua kwa kiganja. "Lakini ule wa kwanza ni mzuri."

"Si mzuri."

"Ni mzuri, Bibi!"

Bibi Pasi akaburuta benchi kutoka nyuma, akaliweka karibu na mlango, mahali ambapo mpita njia yeyote angeweza kuketi na kusikia.

"Ijumaa kuna nyimbo mpya," Nesi alisema, akivaa viatu. "Nitawaleta wenzangu. Watakufokea, nakwambia."

"Waje. Lakini na wewe uje, hasira zisije zikakupoa ukanisahau."