Rivasi ya Winona

“Namba tatu,” nikasema, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Nilikuwa nimelala kifudifudi katikati ya mashua Winona, kichwa ndani ya ngama, kule chini kabisa kunakonuka oili ya miaka hamsini, miguu juu ya magunia matupu ya barua. Chuma baridi kikatua kiganjani kutoka kwa Mzee Ambrose, mwenye mashua. Kibati cha kupimia, chembamba kama ganda la kitunguu. Nikajaribu kukiingiza kati ya zile sahani mbili za chuma, ya giaboksi mpya na ya shafti, pale zinapokutana uso kwa uso. Juu kikakataa. Chini kikakataa. Kushoto na kulia, kikakataa. Fundi haombi zaidi ya hapo. Namba tatu ikikosa pa kupenya, shafti imenyooka na giaboksi, na mtu anaweza kwenda kula.

“Mara ya tatu hii,” nikamwambia Mzee Ambrose. “Safari hii isipotulia naiuza kwa vipande.”

“Ukiiuza anza na mimi. Humu ndani hakuna kipande cha zamani kunizidi.”

Nikakaza bolti, nikachomoka huko chini na grisi mpaka kwenye nyusi, nikawasha injini. Nikasukuma gia mbele taratibu, kamba zikavutana na gati. Sakafu ikaanza kutetemeka. Kikombe cha mzee kikatembea chenyewe juu ya ubao mpaka ukingoni, kama mtu aliyesikia anasengenywa chumba cha pili.

Nikazima. Tukatazamana. Au mimi nilimtazama yeye.

Ilikuwa Juni ya mwaka themanini na tatu, kijijini Dunham Bay, upande wetu wa mto Saint Lawrence. Mimi leo nina miaka sabini na nne, na wote waliohusika wameshakwenda kulala juu ya kilima nyuma ya kanisa, ndiyo maana naona naweza kusema. Kwa mtu kama mimi, miaka arobaini ya kunyamaza ni kazi kubwa kuliko giaboksi yoyote niliyowahi kufunga. Waulizeni walionijua. Banda langu la mashua halikuwahi kuwa tupu. Watu walileta injini iliyokohoa kidogo tu, kisha wakakaa mpaka jioni wakinywa kahawa yangu, wakila jibini mbichi ile inayolia kwenye meno, wakisubiri nitoe kichwa ngamani niseme nimesikia nini. Maana fundi akiwa kichwa chini miguu juu, watu humsahau. Mimi nimesikia uchumba ukivunjika na urithi ukigawanywa nikiwa nimeshika spana, na sikuwahi kubaki na kitu mpaka kesho yake.

Winona alikuwa wa mti mwekundu wa mahogani, futi ishirini na sita, ameundwa kabla ya vita. Mzee Ambrose LaShomb alipelekea visiwa barua na mikate kwa mashua hiyo tangu mimi nasoma darasa la kwanza. Mwaka wa sitini na nne rivasi ikafa. Ule mkanda unaobana ngoma ndani ya giaboksi ili propela izunguke kinyume uliisha kabisa, na mashua bila rivasi ni gari bila breki. Ambrose akasema ataitengeneza majira ya baridi. Majira ya baridi yalipofika alikuwa ameshajifunza kuishi bila hiyo, na ameanza kuipenda hali hiyo.

Alikuwa anazima injini akifika usawa wa ukuta wa ghala la zamani la barafu, mita sitini kutoka gatini. Kutoka hapo Winona aliteleza peke yake, bila sauti, akipunguza mwendo kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, mpaka ubavu wake ukagusa gati pale pale, sawa na ile pete ya kufungia kamba. Kila siku saa kumi jioni. Watu walikuja kuangalia. Watalii walikuja na kamera. Bwana harusi mmoja alichelewa kanisani kwa sababu hiyo. Ndoa yenyewe haikumaliza mwaka, lakini hilo ni la siku nyingine.

Miaka kumi na tisa ya hivyo. Ukimtaja Ambrose mji mwingine, watu hawakusema yule wa barua. Walisema yule anayeteleza.

Halafu gia ya mbele nayo ikaanza kuponyoka. Injini ikinguruma, mashua inajikokota. Oktoba iliyotangulia Winona akalivamia gati akavunja ubao wa pembeni. “Klachi imenitoroka,” Ambrose akasema, na mimi ndiye niliyeieneza habari hiyo, kwa sababu klachi kweli ilikuwa imekwisha. Majira ya baridi nikapata giaboksi ya kiwanda kilekile, ya mwaka uleule, ndani ya mashua iliyoozea kwenye ghala la nyasi la mjane mmoja. Nikaifumua yote. Nikaweka diski mpya na mkanda mpya wa rivasi. Mei nikaishusha ndani ya Winona kwa winchi ya mnyororo, nikapachika.

Ila shafti huwezi kuinyoosha mashua ikiwa nchi kavu. Mashua ya mbao ikitoka bandani imekauka, ina nyufa unazoweza kupitisha kadi. Ukiiweka majini mbao zinakunywa, zinavimba, mwili mzima unajivuta na kukaa upya. Ukipima kabla ya hapo umepima mashua nyingine. Kwa hiyo tulimwacha Winona siku nne ndani ya maji, pampu ikifanya kazi, Ambrose akikaa kando yake juu ya ndoo kama mtu anayesubiri uji upoe. Siku ya tano ikawa Jumamosi ya karamu ya kuku ya kikosi cha zimamoto, kijiji kizima kiko kituoni na sahani mkononi, banda ni letu wawili. Tukaanza kupima.

Sasa narudi pale kwenye kikombe.

Nilikwenda mwenyewe nikakichukua kile kibati kilicholala sakafuni, nikakitoa kwenye mwanga wa mlango. Kilichochongwa pale kilikuwa nane. Nikafungua na kisanduku cha vibati. Namba tatu ilikuwa bado humo, safi, haijaguswa. Nane ni nene mno, itakataa kuingia hata shafti ikiwa imepinda. Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa nafurahia jibu la uongo.

Ningefanya utani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini Ambrose alikuwa ameketi na mikono magotini, uso umegeukia kidogo pembeni yangu, na hakuuliza nimeona nini.

“Mzee,” nikasema, “tangu lini?”

Maji yakagonga chini ya gati.

“Mwaka juzi jicho la kushoto. La kulia, tangu mwaka jana.”

“Huoni kabisa?”

“Naona. Kando naona vizuri. Katikati pana doa. Kila ninachokitazama ndicho kinachotoweka.” Akacheka kidogo puani. “Wewe, kwa mfano, huna uso. Una masikio mawili na nywele.”

“Na mdomo?”

“Mdomo wako nausikia kutoka Kanada.”

Nikakaa juu ya kisanduku cha injini. Kilikuwa bado cha moto.

“Oktoba haikuwa klachi,” nikasema.

“Nusu klachi.” Akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. “Huko mtoni sina shida, Verna. Visiwa navisikia. Kila ukuta una sauti yake. Taabu ni zile mita za mwisho. Zamani niliiona ile pete. Sasa nazima injini halafu naomba Mungu.”

“Nani anajua?”

“Mke wangu. Na sasa redio ya kijiji.”

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo walivyoniita. Lakini aliposema hivyo alifumba macho, na nikaona anasubiri kabisa, kama mtu kwenye kiti cha kung'oa jino. Alijua ninachokijua. Ikifika Jumatatu, kabla ya kahawa ya pili, posta wangekuwa wamesikia, na njia yake ingekwenda kwa kijana yeyote mwenye boti ya plastiki. Hilo angelivumilia, alikuwa na miaka sabini na moja. Ambalo asingeweza ni watu wale wa saa kumi wakihesabu upofu wake kurudi nyuma, wakisema kumbe mwaka jana, kumbe hata mwaka juzi, kumbe tulikuwa tunaipigia makofi bahati.

“Msimu huu tu,” akasema. “Septemba namwachia mpwa wangu, nimeshamwandikia. Nataka niondoke kwa miguu yangu, nisibebwe.”

Nilifikiri. Msinifanye malaika. Nilifikiri pia jinsi habari ile ilivyokuwa tamu.

“Abiria humpakii,” nikasema.

“Sijawahi.”

“Kukiwa na ukungu husogei.”

“Sisogei.”

“Na unatumia rivasi. Kila gati, kila siku, mbele ya watu. Unaingia polepole, injini inawaka, unavuta rivasi mapema mpaka isimame. Nikikuona unateleza hata mara moja, nakwenda posta mwenyewe.”

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hayo mengine aliyakubali kama mtu anayekubali kuvaa kofia.

“Miaka kumi na tisa wananisubiri pale, Verna. Nikivuta rivasi watajua.”

“Watajua kama hawana kitu kingine cha kujua.”

“Utawapa nini?”

“Hilo niachie mimi. Nipe namba tatu.”

Safari hii nikaichukua mwenyewe. Ikaingia upande wa chini bila hata kusukumwa. Tukainua injini upande wa nyuma kwa unene wa kucha, tukapima, tukashusha nusu yake, tukapima tena. Saa tisa mchana nikawasha. Kikombe kilikaa mahali pake, kahawa imetulia kama kioo.

Jumatatu banda lilijaa. Alikuwepo Clovis Denny, aliyefanya kazi ya ufundi na baba yangu Hollis miaka ishirini na miwili, kwenye kiti chake karibu na dirisha, na kijiti mdomoni. Walikuwepo wengine saba au wanane.

“Haya, bibie,” Clovis akasema. “Bibi harusi Winona yuko tayari?”

“Yuko tayari, ila ana masharti,” nikasema, nikijimiminia kahawa. “Ule mkanda mpya nimepata wa aina nyingine. Mgumu. Lazima uvutwe kila siku msimu mzima mpaka ukubaliane na ngoma, la sivyo unaganda na giaboksi yote inakufa. Nimemwambia mzee, kuteleza basi mwaka huu. Amenitukana mpaka babu zangu.”

Wakaguna kwa masikitiko. Mmoja akauliza kwa nini sikutafuta mkanda wa aina ya zamani. Nikasema nilitafuta, sikupata. Mwingine akasema kwa hiyo mimi ndiye nimewaharibia saa kumi yao. Nikasema ndiyo, mimi. Nikaongeza yale matusi ya Ambrose, nikayapamba, wakacheka, na nilipoona wanacheka nikajua habari imeshapata miguu.

Clovis peke yake hakucheka. Alinitazama juu ya kikombe. Hakuna mkanda wa namna hiyo duniani, na mikanda ile alianza kuifunga mimi sijazaliwa.

Ambrose alitimiza msimu wake. Julai, Agosti, siku baada ya siku, rivasi kila gati, na siku za ukungu barua zilichelewa, watu wakalalamika. Septemba mpwa wake akaja, na mzee akampa funguo mbele ya ofisi ya posta, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Mimi mwaka ule wateja wawili walipeleka mashua zao kwa fundi wa ng'ambo. Mmoja alinieleza wazi kwamba hataki giaboksi ya kubembelezwa. Alikuwa na mashua nzuri, ya mti wa seda. Niliipenda sana mashua ile.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni saa kumi ya siku ya kwanza.

Gati lilijaa hata baada ya kuambiwa. Watu hawaamini mpaka waone. Winona akatokea nyuma ya ghala la barafu, rangi mpya inametameta, na alipofika usawa wa ukuta, pale ambapo kwa miaka kumi na tisa sauti ilikuwa ikikatika, sauti ikaendelea. Mwanamke mmoja akashusha kamera. Mashua ikaja polepole, polepole mno. Kisha Ambrose akavuta wenzo, ngoma ikalia, mkia wa Winona ukazama, maji yakachemka meupe nyuma yake. Mashua ikasimama mkono mmoja kutoka gatini, imekaa upande kidogo. Ambrose akaisogeza mbele, akairudisha nyuma, ikagusa. Kazi safi, ambayo mtu yeyote angeiweza.

Ambrose akatoka na kamba ya mbele, akapiga goti, akaitafuta pete kwa vidole.

Clovis akahamisha kijiti chake upande wa pili wa mdomo.

“Hollis angeifunga giaboksi ile,” akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, “na mashua ikateleza siku hiyohiyo.”

Wakanigeukia. Pale chini, mikono ya Ambrose ikasimama juu ya pete.

Baba yangu alikuwa na miaka sita kaburini, na tangu siku ya mazishi nilikuwa nikingoja mtu mmoja wa kijiji kile, hasa huyu, aseme kwamba nimefika alipofika yeye.

“Angeweza,” nikasema. “Baba alikuwa fundi kuliko mimi.”

Clovis akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaanza kuondoka. Wengine wakamfuata. Mikono ya Ambrose ikaendelea kufunga kamba.