Dakika Kumi na Mbili za Kupoa

Mashine ya gemu ililetwa ikiwa imefungwa kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mtu aliyeibeba hakukubali kuiweka mezani mpaka fundi alipopangusa vumbi.

"Taratibu, fundi. Upande huu una ufa."

"Ufa wa nini?"

"Ilianguka siku moja. Lakini si kosa lake."

Fundi alimtazama. Kwa miaka tisa ya kazi hii alikuwa amezoea kuwasikia watu wakizitetea mashine zao kama wazazi walioitwa shuleni. Huyu alikuwa mtu mzima, seremala, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi na kidole gumba kilichopoteza ncha. Alisimama kando ya meza akiwa ameshika taulo tupu, hajui pa kuliweka.

Mtaani fundi huyo aliitwa Hairudi. Jina hilo alijipachika mwenyewe bila kujua, kwa kuwa kila alipomkabidhi mtu kifaa chake alisema, "Ikitoka hapa hairudi." Ufundi aliuanza akiwa na miaka arobaini na sita, katika masomo ya jioni, kwenye darasa la watoto ambamo viti vilikuwa vifupi kiasi kwamba magoti yalimfika kidevuni. Waliomwona akipita na daftari walimcheka. Yeye alimshukuru Mungu kwa kila ukurasa alioufahamu, na kwa ule asioufahamu alirudi kesho yake. Kabla ya kufungua kifaa chochote alifumba macho na kusema maneno yale yale: "Mola wangu, usiniache nikaharibu kilicho kizima." Kisha ndipo alipochukua bisibisi.

Alikuwa na desturi nyingine. Kila kipuri alichokitoa alikitia katika bahasha ndogo, akaandika tarehe, na kumrudishia mwenye mali. Watu wachukue maiti yao, alisema, wasije wakadhani wameibiwa. Wengi waliitupa bahasha hiyo kabla ya kufika kona ya barabara.

Jambo moja tu lilimshinda kulielewa katika kazi yake. Mtu kiatu kikimuuma mara tatu hukitupa. Kiti kikimwangusha mara moja hukipasua kuni. Lakini mashine ya gemu humgomea mwenyewe mwaka mzima, naye huitafutia dawa. Mwanafunzi mmoja aliicheza yake ikiwa chali, kwa sababu ikikaa kifudifudi haikusoma diski. Mwingine aliiegemeza juu ya vifuniko vinne vya soda ili ipumue. Wote walijua dawa za mashine zao kwa moyo, na walizisimulia kwa fahari. Siku moja alimuuliza msusi wa duka la jirani, ambaye alikuwa amekuja kwa mara ya tatu, kwa nini hanunui nyingine.

"Fundi, hata mume wangu hugoma," msusi alijibu. "Naye nimtupe?"

Waliokuwapo walicheka. Hairudi naye alitabasamu, lakini swali lake lilibaki palepale, halijaguswa.

"Inaumwa nini?" Hairudi alimuuliza seremala.

"Zamani ilikuwa inacheza nusu saa, halafu inajizima. Joto. Tunaiacha ipoe, kama robo saa hivi, tunaiwasha tena."

"Zamani ya lini?"

"Miaka sita."

"Miaka sita, na hukuileta?"

"Haikuwa na tatizo."

"Mashine inayojizima kila nusu saa haina tatizo?"

"Sasa ndiyo ina tatizo," alisema seremala kwa subira. "Sasa haiwaki kabisa."

Hairudi aliifungua alasiri ile. Ndani alikuta vumbi lililoshikana kama sufi ya mto, uji wa kutolea joto uliokauka ukawa chokaa, na feni iliyovunjika mapanga matatu. Ilikuwa ajabu kwamba ilikuwa imeishi. Aliisafisha kwa brashi laini, akapaka uji mpya, akafunga feni mpya, akalehemu waya mmoja uliokatika, kisha kesho yake akaiacha ikijichezea mchana kutwa. Ilikuwa kimya na baridi kama jiwe la mtoni. Seremala alipokuja alikabidhiwa mashine, na bahasha yenye feni ya zamani.

"Ikitoka hapa hairudi," alisema fundi.

Ilirudi baada ya wiki tatu.

Ilikuwa Alhamisi, saa za asubuhi. Seremala aliiweka mezani, akafungua taulo, na juu ya mashine akaiweka ile bahasha. Hakuwa ameifungua.

"Imekufa?" Hairudi aliuliza.

"Imepona. Imepona mno." Seremala alisogeza bahasha mbele kwa kile kidole kifupi. "Nirudishie hii."

"Nikurudishie nini?"

"Feni ya zamani. Nifungie kama ilivyokuwa."

Fundi alidhani ni mzaha, akangoja kicheko. Hakikuja. Akavuta kigoda cha wateja. Seremala alikaa, akaanza kueleza huku akiutazama mlango, kama mtu anayemsimulia daktari ugonjwa wa sehemu za siri.

Alikuwa na mdogo wake, mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali. Wamekuwa wakicheza pamoja kila Jumamosi mchana tangu ujana wao, mpira, timu zile zile. Miaka sita iliyopita, siku ya mazishi ya baba yao, yeye seremala alimwambia mdogo wake neno.

"Neno gani, usiniulize."

"Sijakuuliza."

"Tangu siku ile hatuzungumzi. Jumamosi anakuja, maana hajawahi kukosa, na asipokuja itakuwa amenuna. Anakaa, tunacheza. Hatusemi kitu. Sasa mashine ikizimika, tunafanyaje? Watu wawili wazima mbele ya kioo cheusi. Basi mmoja anasema, hili joto leo. Mwingine anasema, hata kazini. Mama anaendeleaje. Bati la jikoni linavuja. Yote tuliyokubaliana miaka sita hii, tumekubaliana mashine ikipoa."

"Na sasa haizimiki."

"Wiki tatu tunacheza toka saa nane mpaka saa kumi na moja. Kimya. Anaaga, anaondoka."

Hairudi alikuna kidevu. "Lakini ndugu yangu, kuna kitufe cha kusimamisha. Si mbonyeze tu?"

"Nani abonyeze?"

Fundi aliitazama mashine.

"Nikibonyeza mimi, mimi ndiye niliyetaka. Akibonyeza yeye, ametaka yeye. Ikijizima yenyewe, fundi, hakuna aliyeanza."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Walingoja mpaka ukapita.

"Kuna simu," alisema Hairudi, bila nguvu.

"Tunapigiana. 'Mama ameamka salama.' 'Sawa.' Imekatwa." Seremala alitazama mikono yake. "Mama anatakiwa apasuliwe moyo. Mimi naogopa, kwa umri wake. Mdogo wangu anataka, yeye ni mtu wa hospitali. Mama amesema hatatia sahihi karatasi yoyote mpaka aone sahihi zetu sote wawili, na hatamsikiliza mmoja wetu akija peke yake. Daktari ametupa mpaka Jumanne. Imebaki Jumamosi moja."

Hairudi aliifungua bahasha, akaimiminia feni kiganjani. Mapanga matatu yaliyovunjika yalionekana kama meno ya mtoto.

"Nikiifunga hii, mashine itaungua. Usingoje mwaka wala mwezi. Hata Jumamosi hiyo haitamaliza."

Seremala aliinuka polepole. Alianza kulikunja taulo lake.

"Iache," alisema fundi. "Sijasema nimekataa."

Jioni hiyo alikula chakula chake kimya, kama siku zote. Nyumbani kwake kila kitu kilifanya kazi. Bawaba zilikuwa na mafuta, taa ziliwaka, bomba lilifunga. Alirudi kila siku na mfuko wa vifaa begani, na kilichoharibika asubuhi hakikuliona giza. Mkewe aliwahi kusema mbele ya wageni, "Nyumba hii haina hata mlango unaolia." Aliyachukua maneno hayo kuwa sifa. Sasa, akiwa na tonge mkononi, alijaribu kuikumbuka sauti ambayo mkewe aliyasema nayo, asiweze.

Asubuhi alifumba macho mbele ya mashine ile, akaanza dua yake, ikakwama katikati. Kilicho kizima hapa kilikuwa kipi? Mashine ilikuwa mezani, nzima, kazi ya mikono yake. Alikaa na swali hilo muda mrefu kuliko alivyozoea kukaa katika sala. Mwishowe hakutamka neno lolote. Alimtaja tu yule mama asiyemjua, akafumbua macho.

Feni ya zamani hakuigusa. Alikwenda kwenye kasha la vifaa vilivyokufa, akatoa birika la umeme, na kutoka katika kitako chake akachomoa kile kidude cha bati kinachokata umeme maji yakichemka. Alihitaji kinachokata mapema zaidi, basi alijaribu vidude vya mabirika matatu na pasi mbili mpaka akapata kimoja kinachofaa. Akakilehemu kwenye njia ya umeme, mahali ambapo joto lingekifikia bila kuiunguza chipu. Akafunga skrubu zote. Kama ni kasoro, basi iwe kasoro iliyotengenezwa vizuri.

Aliiwasha, akaitazama saa ya ukutani. Dakika ya thelathini na moja, mashine ikazimika. Akangoja. Baada ya dakika kumi na mbili ilisikika tik ndogo, taa nyekundu ikarudi, ikawa tayari kuwashwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alifurahi kuona kifaa kikimfia mkononi, akatupa jicho mlangoni kama mtu aliyecheka msibani.

Jumamosi asubuhi seremala aliichukua.

"Itajizima?"

"Itajizima."

"Haitaungua?"

"Haitaungua."

Seremala alingoja yale maneno ya kuagia. Fundi hakuyasema.

Jumamosi ilipita, na Jumapili, na Jumatatu. Jumanne Hairudi aliharibu skrubu mbili na kumjibu msusi vibaya. Hakuwa na namba ya simu ya seremala, na hata kama angekuwa nayo, angesema nini? Kila alipofumba macho alimwona mwanamke mzee akiwa na kalamu mkononi, akitazama mlango.

Jumatano mchana aliingia mtu aliyevaa koti jeupe la hospitali, na kwapani amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo. Masikio yake yalikuwa yale yale ya seremala.

"Wewe ndiye Hairudi?"

"Wanasema hivyo."

Mtu yule aliiweka mashine mezani kwa uangalifu, upande wenye ufa ukielekea ukutani. "Nimemwambia kaka naipeleka ikafutwe vumbi. Inajizima."

Fundi aliokota bisibisi, akaiweka tena chini. "Mashine za zamani hizi. Joto."

"Hapana, mzee wangu. Mimi kazi yangu ni mashine. Mbovu nazijua. Leo inakata dakika ya ishirini, kesho ya arobaini, inavyojisikia yenyewe. Hii inakata dakika ya thelathini na moja. Jumamosi nimeipima mara nne kwa saa yangu. Mashine mbovu haina adabu hiyo."

Hairudi alikuwa akitafuta pa kuanzia wakati mgeni alipokivuta kigoda, akakaa.

"Kaka yako anajua kuwa unajua?" fundi aliuliza.

"Hajui. Na tafadhali asijue. Akijua, itakuwa yeye ndiye aliyeanza."

Fundi aliinamisha kichwa kuficha uso wake. "Na mama?"

"Tulitia sahihi, naye akatia. Anapasuliwa Ijumaa." Aliyasema hayo haraka, kama mtu anayevuka daraja asilotaka kulitazama chini. "Hilo lilichukua pumziko la kwanza tu. Kaka alikwisha kukubali, alikuwa anangoja aulizwe."

"Basi umekuja nikitoe?"

"Kitu gani?"

"Hicho kinachokata."

"La hasha." Mpimaji wa damu aliisogelea meza. "Kuna neno jingine, la siku nyingi. Kaka amejaribu kulisema mara mbili. Anakohoa, anashika goti, anasema, 'Siku ile ya baba...' Halafu tik. Taa inarudi, naye anachukua pedi yake ya kuchezea, tunacheza." Aliitazama saa yake ya mkononi. "Dakika kumi na mbili hazimtoshi."

Hairudi alilifungua taulo, akaigeuza mashine kifudifudi. Alijua tayari atakachofanya. Kipande cha kitambaa kizito kikizungushwa kwenye kile kidude, joto lingekaa zaidi.

"Unataka ngapi?"

Mpimaji alifikiri, macho yamefumbwa nusu, kama anayepima dawa ya mtoto.

"Kaka husema polepole," alijibu.

Jioni hiyo fundi alipofika nyumbani, bomba la jikoni lilikuwa likidondosha. Mkewe alikuwa ameweka bakuli chini yake. Alisogea pembeni ili kumpisha, kama alivyompisha miaka yote, kisha akalitazama bega lake tupu.

"Mfuko wako uko wapi?"

"Nimeuacha kazini."

"Na bomba?"

"Nimelisikia," alisema, akavuta kiti.

Mkewe alibaki amesimama, mkono ungali juu ya ukingo wa sinki. Tone lilianguka, na jingine. Halafu naye akavuta cha kwake.