Moto Ulioganda Juu ya Vigae

Lori lilikuwa limeshaingia barabarani, kabati limefungwa kamba, mke wa mzee zimamoto amekaa mbele na dereva, pale mzee alipogonga bodi na kuomba lisimame. Moto ulikuwa umebaki nyuma.

"Ungoje moto upande," mke akamwambia dereva. "Tukiuacha utatufuata kwa miguu, ututie aibu njia nzima."

Moto ukarukia nyuma ya lori, ukajikunyata kati ya magodoro. Haukuunguza kitu. Ulikuwa na ukubwa wa kuku anayeatamia, na ulikuwa masalia ya kazi ya mwisho ya mzee kabla hajastaafu: ghala la viatu lililoteketea baada ya gari la zimamoto kuishiwa maji, na bomba la zimamoto la mtaani halionekani lilipo. Kikosi kilisimama kikitazama hadi ghala likajimaliza lenyewe. Mzee akarudi nyumbani, na kipande kilichosalia kikamfuata kama mbwa asiye na mwenyewe. Harufu ya soli haikuwahi kukitoka.

Walikuwa wanahamia kwa binti yao, ghorofa ya nne, aliyejifungua mapacha na hana wa kumpokea mtoto hata akitaka kunawa uso. Mzee alikuwa ameahidi kutulia. Kutulia hakukumjia. Viatu vyake vya kazi vilisimama mlangoni vimevishwa suruali yake, tayari kuingiwa kwa mruko mmoja, na kila mlango aliugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, ajue kama nyuma yake kuna joto.

"Miaka yote hii," mkewe alimwambia binti, "baba yako husalimia mlango kabla ya kunisalimia mimi."

Siku ile walipofika, moto uligoma kupanda ngazi. Ulivuka barabara, ukaketi juu ya vigae vyekundu mbele ya duka la samani, ukaganda kama kupe. Mzee akachuchumaa, akaviwekea vigae mgongo wa mkono. Vilikuwa vya baridi, vina unyevu. Bomba la zimamoto lilikuwa chini yake. Akainua macho kwenye dirisha la wajukuu.

Mwenye duka akatoka na kikombe chake cha chai. "Mzee, huo ni wako?"

"Ni wa kazini. Bomba mmelizibia."

"Nilikuta tope hapa, nikaweka vigae wateja wapate pa kuegesha. Sasa mzee wangu, kosa langu nini, usafi?"

Mzee akaenda kituoni. Mkuu wa sasa alifundishwa na yeye kushika mpira wa maji. Alimvutia kiti, akamwonyesha ramani ukutani.

"Afande, bomba lipo. Hili hapa."

"Lipo chini ya vigae."

"Basi lipo," mkuu akasema, akashusha pumzi. "Ulinitia wasiwasi."

Mzee alirudi kesho yake, na kesho kutwa. "Mwanangu, pale juu wanalala wajukuu zangu."

"Tumelipokea ombi lako, afande. Kapumzike, umetumikia vya kutosha."

Akapumzika kwa kutembea. Alishuka kuutazama moto, akapanda kugusa milango, akashuka tena. Alijaza maji kila chombo ndani ya nyumba, binti akawa hapati sufuria mpaka amwage.

"Baba, hata chupa za watoto?"

"Chupa ni chupa."

Mwenye duka aliuzungushia moto mnyororo, akapanga viti, na wateja wakawa wanaota joto huku wakipatana bei. Baadaye alifungua duka la pili, la vigae vile vile. Mkuu alipandishwa cheo. Ramani aliiacha ukutani. Mapacha walijifunza kutembea, kisha kukimbia, na kila mlango huugusa kwa mgongo wa mkono bila kujua tabia hiyo wameitoa wapi. Mama yao bado yuko ghorofa ya nne, kodi ya kwingine haishikiki. Bibi yao hukaushia soksi zao kwenye moto, akiukaripia ukizisogelea mno. Mzee alifia ngazini na ndoo mkononi, na maji hayakumwagika.

Moto haukumfuata makaburini. Uko pale pale, umekua kidogo, sasa unakaribia ukubwa wa mbuzi. Maji yapo chini yake, urefu wa mkono mmoja.