Sentensi ya Sita

Maji ya Elnino yalikuwa yamefunika njia yote ya kutoka kwa Bibi Aurelia, pale Idete, hadi barabarani. Yalifika mapajani. Na bibi, aliyekuwa ameteguka mguu tangu Alhamisi, alikaa barazani akimalizia kushona kigauni cheupe. Kesho kitukuu wake angebatizwa Ifakara, na mama wa mtoto alikuwa ameagiza: wa kumpakata kanisani ni bibi, si mwingine.

"Nitakwenda maji yakipungua," alisema bibi.

"Ubatizo kesho, bibi. Maji hayana kalenda," alijibu mjukuu wake Balbina, akiwa ameinamia daftari. "Shilinde amekuja asubuhi kukubeba, umemfukuza."

"Nimelea watoto tisa. Nibebwe kama gunia la mpunga?"

Balbina alicheka, kisha akaguna. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa neno moja, carry, watunge sentensi sita za Kiswahili, kila moja na kitenzi chake. Yeye alikuwa na mbili tu: kubeba na kuchukua.

"Mwenye ndoo kichwani hao Waingereza wanamwambiaje?" bibi aliuliza.

"Carry."

"Na mwenye mtoto mapajani?"

"Carry hiyohiyo."

"Maskini, wana haraka hao. Andika: ndoo, kujitwika. Mtoto, kupakata. Maji ya mtungi baada ya mtungi, kusomba. Fulgence wa kijiji cha Mbingu alinisombea maji mwezi mzima nilipomzaa baba yako, asante hakuitaka. Mwandike na yeye."

"Mwalimu anataka maneno, bibi, si watu."

"Maneno bila watu atayaelewaje huyo?"

"Haya, zimefika tano. Imebaki moja."

Shilinde, jirani yao Msukuma, alitokea majini suruali ikiwa imekunjwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umerudi? Ng'ombe wako wamekuchoka?"

"Wamenituma. Wanasema gari la mwisho la Ifakara linapita saa kumi."

Bibi alikitandaza kigauni mapajani. Kilikuwa chepesi, bila mtoto ndani yake. Alikitazama, akakikunja taratibu.

"Utanibeba wapi? Begani sitaki."

"Mgongoni. Kama mama alivyokuwa ananibeba mimi."

"Kueleka, Balbina. Andika. Halafu lete kanga anifunge, nisije nikateleza."

"Lakini bibi, anayeelekwa ni mtoto!"

"Basi leo mimi mtoto. Na ukicheka, sentensi ya saba utajitafutia."

Wakaingia majini. Balbina alifuata nyuma, amejitwika kikapu chenye daftari. Shilinde alipapasa kila hatua kwa mguu kabla ya kukanyaga, huku akiimba polepole kwa Kisukuma.

"Wimbo gani huo?" bibi aliuliza, kigauni kikiwa juu mkononi.

Shilinde alisita. "Wa ndama, bibi. Wakivuka maji huwa wanaogopa."

Bibi akaegemeza shavu kwenye bega lake.

"Ongeza sauti, basi," akasema. "Ndama mwenyewe hasikii vizuri."