Zamu ya Shangazi

Asubuhi ile Bibi alikuwa akitia kiraka kwenye goti la suruali ya shule. Zamani wateja walimletea kaptura zilizochakaa makalio. Siku hizi makalio yalikuwa mazima, yanang'aa kama yametoka dukani jana, na kilichokwisha ni magoti. Kwa njia hiyo Bibi alijua mapema kabisa kwamba shule imeacha kuchapa watoto. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku, na mahali pake pakawekwa kitu kinachoitwa tafakuri. Mtoto aliyekosa alipelekwa nyuma ya ofisi, akapiga magoti juu ya kokoto, akatafakari mpaka mwalimu aridhike. Hakuna aliyemgusa hata kwa ncha ya kidole, na shule ilijivunia sana jambo hilo.

Mjukuu wake akaingia na mkoba mgongoni, saa ambayo msichana wa darasa la mwisho hatakiwi kuonekana nyumbani.

"Mbona mapema?"

"Nimerudishwa, Bibi. Wanakutaka kwenye duara."

"Umefanya nini tena?"

"Nimemaliza kutafakari."

Bibi akashika gurudumu la cherehani likasimama. "Kumaliza nako ni kosa?"

"Nimemaliza kabla ya mwalimu."

Mambo yalikuwa hivi. Soli ya kiatu chake ilikuwa imeachama kama mdomo wa samaki, akaenda shule na ndala. Mwalimu wa nidhamu akampeleka kwenye kokoto. Msichana akapiga magoti pamoja na wenzake, jua likawakuta, likawazoea. Ilipofika saa ambayo hakuna tena cha kutafakari, alisimama, akajikung'uta, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, nimeshatafakari. Nimeona kosa ni la kiatu." Mstari mzima ukacheka. Hata yule mdogo aliyekuwa analia alicheka na kamasi zake.

Kwa kanuni mpya, anayeangaliwa kwanza ni aliyeumizwa. Aliyeumizwa alikuwa mwalimu, kwa sababu heshima yake ilijeruhiwa hadharani. Basi yeye akapelekwa ofisini kupumzika, akamiminiwa chai, na msichana akarudishwa nyumbani akiwa anachechemea. Mpaka duara la maridhiano likae na aombe radhi kutoka moyoni, jina lake halitapelekwa pamoja na ya wenzake kwa ajili ya mtihani wa mwisho.

"Radhi utaomba," Bibi akasema. "Mtihani ni wako, moyo ni wako. Wape maneno, moyo rudi nao."

Bibi hakuwa na mwingine wa kumlea wala wa kumtegemea. Mama yake msichana alifariki mtoto angali ananyonya. Msichana alimjua mama yake kwa picha moja tu, iliyowekwa juu ya kabati la vitambaa, na picha, kama zilivyo picha zote, haikuwa inasema kitu.

Duara lilikaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Lilikuwa duara zuri, ila lilikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa mwalimu mkuu mwenyewe, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Mwalimu wa nidhamu alipewa kiti chenye mto, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa. Msichana alipewa kigoda cha watoto wa chekechea, magoti yake yenye vidonda yakamfika kidevuni.

"Hapa tuko sawa sote," mwalimu mkuu akasema. "Hakuna mkubwa wala mdogo. Wewe kaa vizuri, usinitazame hivyo."

Kisha akafungua droo, akatoa kijiti cha kusemea.

Kijiti hicho kilikuwa na historia. Walimu walipopelekwa kwenye semina ya maridhiano, waliambiwa kwamba kila duara linahitaji kitu cha kushika, na anayekishika ndiye anayesema peke yake, wengine wanasikiliza. Waliambiwa wachague kitu chenye maana kwa shule yao, kitu ambacho kila mtu anakifahamu na kimepita mikononi mwa wote. Waliporudi wakafikiri sana. Kengele ilikuwa mpya. Kombe la mpira hakuna mtoto aliyewahi kuligusa. Mwishowe wakakubaliana kwamba shule nzima kitu cha namna hiyo ni kimoja tu, nacho ni fimbo ya zamani, ile ambayo vizazi na vizazi vya wanafunzi waliiita Shangazi, kwa kuwa ilikuja bila kualikwa na haikuondoka kabla ya mtu kulia. Kila mkono ulikuwa unaifahamu. Seremala akaikata ikabaki ya urefu wa shibiri, akaipiga vanishi, na mwalimu wa kazi za mikono akaizungushia nyuzi za rangi.

Siku ya duara la kwanza kabisa, mwalimu wa nidhamu alipokishika tu, kijiti kikasema kabla yake, kwa sauti za watoto waliochapwa nacho zamani. Walimu walikaa kikao kuhusu jambo hilo. Wakaona kwamba wanaosema humo si wanafunzi tena, hivyo mashauri yao hayamo katika madaraka ya duara. Lakini kanuni inakataza kumkatiza mwenye zamu. Kwa hiyo ikaamuliwa Shangazi apewe zamu yake, ya kwanza, na wakati anasema walimu wanywe chai.

"Tuanze na aliyeumizwa," akasema mwalimu mkuu.

Mwalimu wa nidhamu akakipokea kijiti. Shangazi akaanza.

"Mwalimu, si mimi niliyecheka," ikasema sauti ya mvulana.

"Mwalimu, basi. Mwalimu, nimekoma," ikasema nyingine.

"Nilikuwa namwazima kalamu tu," ikasema ya tatu, ya mtoto mdogo sana.

"Sukari iko wapi?" akauliza mwalimu mkuu. Akapewa. Chai ikakorogwa. Sauti ziliendelea, moja baada ya nyingine, kila moja na kisa chake kifupi, mpaka zikaisha pumzi. Mwalimu wa nidhamu akakohoa.

"Leo amekuwa na maneno mengi," akasema.

"Tumvumilie. Ni mzee," mwalimu mkuu akasema. "Haya, tueleze ulivyoumia."

Mwalimu wa nidhamu akaeleza alivyoumia. Alieleza kwa kirefu na kwa uchungu. Alisema usingizi umempotea, na kila apitapo mbele ya darasa husikia mtu akinong'ona kwamba kosa ni la kiatu. Mwalimu mkuu akamsikitikia, akampa kitambaa cha karatasi.

"Sasa mlezi."

Bibi akapokea kijiti kwa mikono miwili. Alikuwa amejitayarishia maneno machache njiani: mtoto ni mtoto, mtihani uko karibu, nawaomba. Alifungua kinywa, lakini Shangazi alimtangulia.

"Mwalimu, jibu nimelipata," ikasema sauti ya msichana. "Ni mkono tu uliotetemeka."

Bibi alikumbuka siku ambayo binti yake alirudi nyumbani vidole vimevimba kama ndizi changa, akasema amebanwa na mlango. Bibi alimchovya vidole kwenye maji ya chumvi. Mlango akautukana siku nyingi, akamwita fundi akaupiga randa, na bado kila alipoupita aliusukuma kwa kiwiko, kwa hasira. Mlango haukuwa na kosa lolote.

"Ah, huyo," mwalimu wa nidhamu akasema, akachungulia ndani ya kikombe. "Huyo alikuwa na mwandiko mbaya sana." Alisema kama mtu anayesaidia kumbukumbu.

"Sema tena, mwanangu," Bibi akakiambia kijiti.

Kikasema tena. Jibu nimelipata. Ni mkono tu.

Msichana akajiinua kwenye kigoda. "Bibi, huyo nani?"

"Mama yako."

Msichana alisikiliza hata pale ambapo hapakuwa tena na cha kusikia. "Ana sauti kama yangu," akasema.

"Yako ndiyo kama yake."

"Bibi, muda unakwenda," mwalimu mkuu akasema kwa upole. "Zamu ya mlezi imekwisha. Mtoto sasa aombe radhi."

Kijiti kikaenda kwa msichana. Mkononi mwake kilikaa kimya, kwa sababu yeye alianza shule baada ya fimbo kukatwa, na humo hamkuwa na sauti ya mtu aliyewahi kumjua. Alikigeuzageuza, akakisogeza sikioni. Hakikusema kitu. Akamtazama Bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu, nisamehe kwa kumaliza."

"Kutoka moyoni," akakumbusha mwalimu mkuu.

"Nisamehe kutoka moyoni kwa kumaliza."

Mwalimu wa nidhamu akamsamehe. Wakapiga makofi kama walivyofundishwa kwenye semina, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba maridhiano yamepatikana na jina la msichana litapelekwa na ya wenzake. Hakuna aliyeuliza kuhusu kokoto, kwa kuwa kokoto hazikuwa na mwakilishi kwenye duara. Kiatu nacho hakikutajwa.

Wakati viti vinarudishwa, Bibi alikuwa bado amesimama mezani.

"Mwalimu, naomba nikichukue hicho kijiti. Hata kwa leo tu, kesho nakirudisha."

"Ni mali ya shule, Bibi."

"Na aliyemo ndani?"

Mwalimu mkuu akafikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Aliyemo ndani si mwanafunzi wetu tena. Lakini humo ndimo alimo, na chenyewe ni chetu."

"Basi nitamsikia vipi?"

"Duara liko wazi kwa mlezi yeyote," mwalimu mkuu akasema, akifunga droo kwa ufunguo. "Mradi mtoto wake awe amekosa."

Jioni Bibi akarudi kwenye cherehani, na msichana akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa, kitabu mapajani, hasomi.

"Bibi."

"Naam."

"Jumatatu nikitafakari haraka tena, watakuita?"

Bibi akatia uzi kwenye sindano kwanza. Siku hizi tundu la sindano lilikuwa limeanza kumkimbia. "Jina lako limeshapelekwa?"

"Limeshapelekwa. Nimeona likitumwa wakati tunatoka."

"Basi wataniita," Bibi akasema. "Lete soksi zako ndefu."

Akachukua sponji ya godoro la zamani, akaikata vipande viwili vya mviringo, akavishonea ndani ya soksi, pale panapokaa magoti, kwa mshono wa kificho usioonekana nje. Akamwambia apige magoti sakafuni ajaribu. Msichana akajaribu, akasema anaweza kukaa hapo mpaka siku ya mtihani.

Tangu hapo Bibi akawa mgeni wa kawaida wa ofisi ile. Msichana alikosa kwa mpango: akamaliza kutafakari mapema, akatabasamu kwenye mstari, akaitikia kabla hajaitwa. Kila duara liliandikwa kuwa maridhiano, na maridhiano yakawa mengi kiasi kwamba wakubwa wa elimu walikuja kuona shule yenye amani namna ile. Walitandikiwa zulia, wakapita mbele ya ofisi. Nyuma ya ofisi hawakupitishwa, kwa kuwa watoto walikuwa wanatafakari na haifai kuwasumbua. Bibi alipewa cheti cha mlezi mshiriki, akakiweka juu ya kabati, kando ya picha.

Binti yake hakuwa na maneno mengine zaidi ya yale. Aliyarudia kila mara kwa sauti ileile, na kila mara Bibi alimjibu.

"Najua, mwanangu. Jibu ulilipata."

Kisha msichana aliomba radhi kutoka moyoni, makofi yakapigwa, na mwalimu wa nidhamu, aliyezoea kusamehe, akashukuriwa kwa moyo wake mkubwa. Akamaliza chai yake, akatazama saa, akatoka nje kwenda kwenye kokoto, ambako wengine walikuwa bado hawajamaliza.